Mwanga Unapimiwa Wapi?

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kamera na jiwe. Ndiyo, jiwe. Patron wa studio yetu pale Murara, mtu mnene wa kutoka upande wa Bukavu, alinitoa nje hadi kwenye lundo la mawe meusi ya volkano, akaniwekea moja mkononi.

"Angalia hii," akasema. "Hapa Goma jiwe iko fasi yote. Tajiri ao masikini, anakanyaga jiwe. Basi weye utapimaka mwanga ku jiwe, na hautapotea."

Nikaitika "ndiyo, Patron" bila kuelewa hata kidogo. Ninyi vijana mnabonyeza simu na mambo yanaisha, kwa hiyo ngojeni niwaeleze. Kupima mwanga ni kuionyesha kamera kitu kimoja, halafu kamera inakuambia ufungue tundu la lensi kiasi gani, na lile pazia la ndani likae wazi kwa muda gani. Tundu tuliliita diafragme, na ule muda tuliuita vitesi. Ubaya ni kwamba kamera haina akili. Ukiionyesha kitu cheusi inadhani kumekuwa giza, inaomba mwanga mwingi kupita kiasi. Nyuso za wateja wangu wa kwanza zikatoka nyeupe kama unga wa muhogo! Nikangoja kufukuzwa. Wapi! Wateja walifurahia weupe huo, wakaleta na mashemeji zao. Patron akanipiga begani. Nikabaki najiuliza kama kukosea ndiyo kazi yenyewe.

Nayakumbuka haya sasa kwa sababu ya marehemu mke wangu, Mama Neema. Mnajua desturi yetu: siku ya misa ya kuondoa matanga, familia yote huvaa fulana yenye picha ya marehemu. Binti yetu Neema akaniomba picha moja ya mama yake ya kuchapisha. Mpiga picha mzima akose picha ya mke wake? Lakini mama huyu hakupenda kupigwa picha. Kila nikiinua kamera alikuwa na jibu lake: "Piga ile milima yako, miye niko na sufuria ku moto." Alikubali mara moja tu, barabarani pale Kibati, na picha hiyo moja ndiyo imenivuruga kichwa hadi leo.

Wakati huo nilikuwa nimeshaacha studio, naipigia picha ofisi moja iliyopeleka wageni kupanda volkano ya Nyiragongo. Niliwapiga picha Kibati, chini ya mlima, kabla hawajaanza kupanda, wengine nikawasindikiza hadi Rutshuru. Mkuu wangu tulimwita Shefu, mwanamke wa Butembo, mkavu, sijawahi kuona meno yake. Alitazama picha zangu za kwanza kwenye kioo kidogo nyuma ya kamera.

"Mulima iko wapi?"

"Iko pale nyuma, Shefu."

"Pale nyuma minaona shuka ya hospitali. Unapimaka wapi?"

"Ku jiwe."

"Ku jiwe! Nani alikufundisha ile bupumbafu?"

Akanivuta mkono hadi kwenye shamba la viazi vitamu la watu. "Pima ku majani. Majani haiko nyeusi, haiko nyeupe, kamera itatulia. Na kama unataka mulima na moshi yake, pima ku mbingu, watu wafe." Kufa, kwa lugha yake, ni kutoka giza kwenye picha. Akanifundisha pia kuziba tundu liwe dogo ili mgeni na mlima vyote vionekane safi, na kupandisha vitesi, yaani muda uwe mfupi, tukiwa ndani ya gari, maana barabara ile inatikisa hadi meno. Yote mazuri. Lakini ina maana Patron alinidanganya? Na wale wateja waliofurahi, je?

Basi siku moja Mama Neema akanifuata Kibati kununua maharage. Mlima ulikuwa wazi kabisa, jambo la nadra, na yeye alikuwa na furaha. "Haya, piga," akasema mwenyewe, akasimama mkono kiunoni. Nikapima mbinguni, kama Shefu alivyotaka. Mlima ulitoka mzuri ajabu, moshi na vyote. Mama Neema akatoka mweusi tititi, kivuli chenye kitambaa kichwani. Alipoiona alicheka hadi akashika mbavu.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kwenye nyumba ya kuchapisha kalenda. Huko mkuu alikuwa Direkta, mzee wa miwani, na mambo yote yalikuwa kwenye kompyuta. Nilipomletea picha ya ziwa alipiga kelele: "Ziwa yako inamwangika! Nyoosha!" Kweli, mstari wa maji ulikuwa umeinama. Akanionyesha kunyoosha, kukata vitu vya pembeni visivyo na kazi, na kuangaza palipo giza kidogo kidogo, yeye akiita kuinua giza. Kuhusu rangi alisema: "Ongeza, kisha rudisha nusu. Tusiongope. Mutu akija Goma, akute Goma."

Wakubwa watatu, amri tatu, na kila mmoja alikuwa na uhakika. Mimi sikuwahi kuwa nao uhakika huo.

Basi, mwaka huu nikaketi sebuleni na ile picha ya Kibati kwenye simu, fundi wa kuchapisha fulana akisubiri. Nikainua giza kidogo kidogo, kama Direkta. Uso ukaanza kuja, ila umejaa chembechembe kama mtama uliomwagwa. Nikazidisha, mlima ukafutika. Nikarudisha, mke wangu akafutika. Nikashika tama.

"Papa, leta," akasema Neema. Akabonyeza mahali palipoandikwa kuboresha, tukangoja kidogo. Yesu wangu! Uso ukatoka, laini, macho yanang'aa.

"Ni mama!" Neema akalia. "Papa, ni mama!"

Nikatazama. Alifanana naye sana. Lakini nikaisogeza simu karibu na macho.

"Alama iko wapi?" nikauliza. "Ile ya mafuta ya mandazi, ilimuruka ku shavu mbele uzaliwe."

"Ah, simu imeitosha, imeifuta. Si neno, minaweza kuirudisha." Akaweka kidole kwenye kioo. "Shavu gani?"

Nikanyoosha kidole. Nikatazama ule uso laini, kidole kikaenda shavu hili, kikarudi lile; sikukumbuka. Tukamwita dada wa marehemu, aliyekuwa jikoni. "Ya kuume," akasema bila kusita, kisha akagusa shavu lake mwenyewe. "Ngoja. Ao ya kushoto? Miye nilikuwa naikala mbele yake, kuume yake ni kushoto yangu, basi..." Neema naye alizaliwa akaikuta, na hakujua. Nikarudi kwenye picha yenyewe, ile ya giza. Haionyeshi kitu, lakini haiongopi.

"Chapisha ya giza," nikasema.

"Papa, haonekane! Watu watauliza tunavaa nani."

"Wacha waulize."

Tulivaa ile ya giza. Wengine walinung'unika kwamba muzee ameanza kuchanganyikiwa, na siwapingi. Vijana wa simu hunisimamisha wakiomba ushauri wa picha za safari, nami nawaambia: pima ku majani, nyoosha ziwa, ongeza kisha rudisha nusu. Wanaandika. Wanadhani najua.

Lakini nina ombi. Kama uliwahi kununua mandazi kwa Mama Neema, hapo Murara, ukamtazama vizuri wakati anakufungia, pita nyumbani. Kiti kipo. Niambie tu, ilikuwa ya kuume ao ya kushoto?