Saa ya Uswisi ya Mjomba
Mgeni alipotuletea saa ya mjomba, mama alikataa kulia. Tulikuwa Kitangari, vita vya Msumbiji vimepamba moto, na wakimbizi walikuwa wakivuka Ruvuma kila kukicha. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa amevuka kinyume chao kwenda kumtoa mama mkwe wake ng'ambo. Sasa mgeni huyu, miguu imemvimba, anatuambia wamemzika, na hii ndiyo saa waliyomvua mkononi.

Mama aliipokea, akaigeuza, akamrudishia.

"Siyo yenyewe. Ya kaka yangu ni ya Uswisi, alirudi nayo kutoka Tanga. Takataka kama hizi zimejaa Mtwara."

Nilipigwa na butwaa. Saa ile nani kwetu hakuijua? Hakuna bwana harusi wa ukoo aliyepiga picha bila kuivaa. Mjomba alimfunga mwenyewe mkononi, kisha akasimama pembeni mpaka mpiga picha amalize, asije mtu akaondoka nayo. Lakini kweli, mkanda huu ulikuwa mwingine, na kioo kimechubuka hata namba hazionekani vizuri. Mama alishikilia hapo hapo. Mfa maji haachi kutapatapa. Akakataza matanga mpaka fundi saa aseme: ikiwa ni ya Uswisi, basi ni ya kaka yake, na kaka yake amekufa. Ikiwa ni bandia, mgeni kamzika mtu mwingine.

Nilikasirika, nikamwambia anajitesa bure. Hata hivyo nilimsindikiza Masasi.

Fundi alikuwa mzee wa Kiyao, meza yake iko barazani kwa duka la vitambaa.

"Shikamoo, mzee," mama alisema. "Nitazamie hii. Ni ya Uswisi kweli?"

"Marahaba, mwanangu. Lete."

Kwanza aliiweka sikioni. Saa nzuri, alisema, mlio wake ni laini, hii inakwaruza. Akatuonyesha maandishi ya usoni, wino umetambaa nje ya herufi. Mwisho akafungua mgongo wake. Ndani tulipaswa kuona vijiwe vyekundu, kumbe hakuna hata kimoja, bati tupu lililopakwa rangi.

"Bandia," alisema. "Uswisi hawaijui kabisa hii."

Mama alipiga kigelegele. Watu walitoka dukani kutazama. Nami nikajikuta nacheka huku machozi yananitoka, na moyoni namwomba msamaha kwa maneno yangu yote.

"Kaka yangu yu hai!" alimwambia fundi, kamshika mikono yote miwili. Akamsimulia kila kitu: Ruvuma, mgeni, picha za harusi, na jinsi mjomba alivyosimama pembeni kuilinda.

Mzee hakucheka. Alikichukua kile kifuniko cha mgongo, akatuonyesha mkwaruzo mdogo wa sindano upande wa ndani.

"Kila saa ninayoifungua naitia alama yangu. Hii nilikwishaifungua zamani. Mwenyewe alikuwa ametoka Tanga, kwenye mashamba ya mkonge. Mtu mrefu, mpole wa maneno. Nilimwambia ni bandia. Akasema, 'Nisitiri, mzee. Nyumbani wameshaipenda.'"

Mjomba alijua! Miaka yote ile anawafunga vijana mkononi, anasimama kulinda bati, na anajua. Sikujua nimkasirikie au nimlilie, na mpaka leo sijui. Saa ilikuwa ya uongo, na kwa hiyo ilikuwa yake hasa.

Watu waliotoka dukani walikuwa bado wanatabasamu, wakingoja kuambiwa furaha ni ya nini. Mama aliteremka taratibu akakaa chini, akimtazama yule mzee.

"Yeye ulimsitiri," alisema. "Mimi mbona hukunisitiri?"