Kiganja cha Furaha Nyuma ya Mlango

Juma lililopita, fundi rangi alinionyesha mistari ya penseli kwenye ukuta wa nyumba niliyonunua Nyamitanga. Watoto wa waliohama walikuwa wakipimana urefu pale.

Harufu ya rangi ilikuwa kali, lakini mimi nilinusa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe. Nilikumbuka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, alasiri ile mama aliponunua nyumba ya kina Furaha, rafiki yangu. Asubuhi ya siku hiyo walikuwa wamepanda basi, safari ya Amerika. Kwetu hatulali katika nyumba ya mwingine kabla ya kusiriba kuta zake upya. Mama alipaka, chwapu, chwapu, hadi akafika nyuma ya mlango, ambako Furaha alikuwa ameacha alama ya kiganja chake kwa vumbi la makaa.

"Mama, usipake pale!" nikalia. "Akirudi hatajua fasi yake."

"Furaha alishaendaka, mtoto wangu. Nyumba ni yetu sasa."

Mimi nilidhani Amerika iko mbele kidogo ya mji wa Mbarara, na kwamba watu hurudi jioni. Mama alipotoka kunawa, niligandamiza kiganja changu kwenye udongo mbichi, palepale, ili Furaha akute walau mkono. Kisha nikaketi mlangoni kumngoja. Mama aliniita kula mara mbili.

"Hawa watoto ni yako, madamu?" fundi rangi aliuliza, akigusa mistari ya penseli.

Nilimwambia sina mtoto, naishi peke yangu.

"Sasa mimi napaka?"

"Acha," nikamjibu. "Huenda wakarudi."