Mama wa Mwika aliyetibiwa TB tena na tena, kumbe kifuani ana ukungu sugu

Wakuu, nawasalimu wote mlioko jukwaani, wakubwa shikamooni.

Hili ninaloleta sijahadithiwa wala sijaliokota WhatsApp. Nilikuwepo. Mama mwenyewe kaniruhusu nisimulie, ila kaomba majina nibadilishe. Nimebadilisha, mengine yote yako kama yalivyotokea.

Mimi ni mwanamke, naishi Rau, nafanya kazi kwenye maabara ya utafiti hapa Moshi mjini. Nachunguza fangasi, yaani ukungu na ndugu zake wote. Kazi yangu hasa ni kuukamata ule ukungu sugu, usiosikia dawa, halafu naupimia dawa mpya zinazotengenezwa ili tujue ipi inaua ukungu wa huku kwetu.

Siku namwelezea mama yangu kazi hii aliniangalia weee, akasema, "Yaani nimekusomesha ukachunge ukungu?"

Nikamwambia ndiyo mama, na naujulia. Naujulia kweli. Sitajifanya mnyenyekevu hapa, mtanisamehe.

Watu wengi wakisikia fangasi wanawaza vidole vya miguu na kule kwingine. Wakuu, fangasi wanaingia mpaka mapafuni na wanaua. Tofauti na TB ni kwamba hakuna anayewaandikia bango.

Tuendelee.

Kuna mama mmoja wa Mwika, tumwite Mama Ndeshi. Ana kahawa, ana migomba, ana ng'ombe wa maziwa wanaolishiwa bandani. Zamani aliugua TB, akameza dawa zake zote, akapona. Miaka ikapita.

Kikohozi kikarudi. Akakonda, akaanza kukohoa damu. Alikokwenda kwanza walipima TB, haionekani. Lakini kwa kuwa aliwahi kuugua, wakasema itakuwa ndiyo hiyohiyo. Akapewa dawa za TB upya. Hakupata nafuu. Akapewa tena. Mama wa watu mkojo mwekundu kwa dawa na kikohozi kipo palepale.

Mwisho makohozi yake yakaletwa kwetu, maana maabara yetu huotesha TB pia.

Sasa kuna desturi moja ya maabara za TB niwaambie, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotelea. Ukiotesha makohozi kutafuta TB, halafu kwenye chupa ukaota ukungu, hiyo chupa inahesabiwa imechafuka. Unaitupa, unaomba makohozi mengine. Kila mtu anafanya hivyo, na mara nyingi yuko sahihi, maana ukungu uko hewani kila mahali.

Mwenzangu wa maabara, Dickson, akashika chupa ya Mama Ndeshi. "Huyu wa Mwika kachafuka tena. Natupa."

"Usitupe."

"Dada, ni uchafu huu."

"Uchafu gani unamfuata mama mmoja kila akileta makohozi, na chupa za wenzake zote safi?"

Dickson akanuna. Akinuna huwa anafuta meza ambayo tayari imefutwa. Mimi nikauchukua ukungu wangu nikauotesha peke yake, ukatoka wa kijani, mzuri, unga mtupu. Nikaujua hata kabla ya darubini. Ni ukungu unaopenda vitu vinavyooza kwa joto.

Daktari wa kifua akampiga mama picha. TB ikipona huwa inaacha mashimo kwenye pafu. Mimi na wewe tunavuta chembe za ukungu kila siku na kifua kinazitoa, lakini penye shimo zinapata pa kukaa. Kwenye shimo la Mama Ndeshi palikuwa na donge zima. Ndilo lililokuwa linamtoa damu.

Nilifurahi, sifichi. Nikajua sasa tumempata adui, mama atapona.

Akaanzishiwa vidonge vya kawaida vya fangasi, vile vya kundi linaloitwa azole.

Havikumsaidia hata kidogo. Damu ikazidi. Daktari akaniambia wazi kwamba mshipa ukipasuka humo ndani, mama hatafika hata Himo, njiani kuja hospitali. Na pafu lake lilivyo, kumpasua hakuwezekani.

Nikauweka ule ukungu na ile dawa pamoja. Ukaota juu ya dawa kama umewekewa mbolea.

Usugu. Sasa kilichonikera ni kwamba Mama Ndeshi hajawahi kumeza dawa ya fangasi maisha yake yote. Usugu aliupata wapi? Nikasema hapa mezani sitapata jibu. Nikapanda Mwika.

Nikapokewa na mumewe, tumwite Mzee Anaeli. Ni mzee wa kanisa, mtu safi, shati limepigwa pasi hata siku ya kazi. Nikampa shikamoo, nikaletewa mtori, nikala kwanza. Uchaggani ukikataa chakula huulizi kitu ukajibiwa.

Kihamba chao, yaani shamba linalozunguka nyumba, wakuu ni kizuri. Nilipomsifia kahawa, mzee akatabasamu. "Bila kupiga dawa usingeona jani hapa mwanangu. Kutu ya majani ingemaliza."

Nikaomba nione dawa ya kahawa. Akanitolea. Nikasoma lebo.

Dawa ya kahawa ya mzee na vidonge vya mama ni watoto wa ukoo mmoja. Zote ni azole.

Sasa fuatilieni njia yake. Mzee anapiga dawa kahawa. Majani yakipogolewa au kuanguka yanazolewa pamoja na majani makavu ya migomba, yanatandikwa chini ya ng'ombe. Yakishalowa mkojo na mavi yanatolewa nje, yanarundikwa yawe samadi. Lundo linachemka. Asubuhi ukiligeuza linafuka moshi. Ule ukungu unapenda hapo kuliko mahali popote duniani, na humo ndani mabaki ya dawa yapo. Unaoweza kufa unakufa, usiosikia dawa unabaki unazaana.

Na anayeinamia lundo kila asubuhi na jembe uma, anavuta ule unga, ni Mama Ndeshi mwenye shimo kifuani.

Nilichukua sampuli nikashuka nazo mjini. Ukungu wa kwenye samadi ukafanana na wa kifuani, na usugu ni uleule. Dickson alipoona majibu akaacha kufuta meza, akasema, "Dada, nimekubali." Nikamwambia nimesikia, rudia. Akarudia.

Bahati ni kwamba wakati huohuo hospitali ilikuwa inajaribu dawa mpya, isiyo ya ukoo wa azole. Mimi ndiye niliyekuwa nimeipima kwenye ukungu wa milimani huku, na nilijua inaua. Jina silitaji, utafiti haujaisha. Mama Ndeshi alifaa kuingia. Akaelezwa mazuri na mabaya yake, akakubali. Daktari akampa sharti moja tu: samadi usiisogelee kabisa, vinginevyo tunachota maji kwa pakacha.

Nilikwenda mwenyewe kuwaeleza tena wakiwa wawili nyumbani.

Mama akacheka mpaka akakohoa. "Na samadi atageuza nani? Anaeli?"

Kwa wasiojua, huku kwetu kuna kazi zina mwenyewe. Majani ya ng'ombe anakata mama, banda anasafisha mama, samadi anabeba mama. Ng'ombe ni wa baba. Vijana wamebadilika kidogo, lakini mzee wa kanisa wa umri ule kuonekana na samadi begani, wangemjadili kuanzia sokoni mpaka kwenye kilabu cha mbege.

Vibarua? Watoto wao wako Dar na Arusha, vibarua wanakuja siku moja wanapotea wiki. Lundo halisubiri.

Mzee akasema, "Nitafanya mimi."

Wakuu, nilimheshimu sana yule mzee siku ile.

Dawa ikaanza. Damu ikakata. Mama akaanza kula, akaanza kunitania kwenye simu, ananiuliza mchumba. Nilitembea pale maabara kama nimejenga ghorofa.

Halafu damu ikarudi.

Tukakaa kikao. Mtu mmoja kwenye timu akasema hata dawa mpya imeshindwa, tumtoe mama kwenye utafiti, tumwachie Mungu. Nikakasirika. Hasira hunisaidia kufikiri.

Nikaomba nipewe muda. Nikachukua makohozi mapya, nikauotesha ukungu, nikauweka na dawa mpya. Ukafa. Nikarudia kwa mkono wa Dickson ili wasiseme nimependelea. Ukafa tena.

Nikarudi kwenye kikao nikawaambia, dawa inaua. Kinachotokea ni kwamba tunaua na kuna mahali anavuta mwingine, tena mwingi. Huyo mama ana samadi mahali fulani.

Nikapanda Mwika bila kupiga simu.

Mama Ndeshi nilimkuta amekaa ndani, amechoka, kitambaa mkononi. "Mwanangu, sijaigusa. Mungu ananiona."

Nilimwamini. Nikaenda nyuma ya banda kwenye lundo. Pale pa zamani peupe, pamefagiwa, na mzee amesimama hapo.

"Mzee, shikamoo tena. Samadi iko wapi?"

"Nimehamisha."

"Wapi?"

Akaanza kunieleza habari za mvua.

Nikaifuata harufu. Nikazunguka nyumba, nikapita katikati ya migomba iliyobanana, na nikalikuta. Lundo kubwa, limegeuzwa asubuhi hiyohiyo, bado linafuka. Limeegemea ukuta wa nyumba, chini kabisa ya dirisha la chumba anacholala mama. Dirisha liko wazi, maana daktari alimwambia apate hewa.



Mnajua kwa nini alilihamishia pale? Pale pa zamani panaonekana kutoka njiani. Mzee alitimiza ahadi, aliishika kazi kwa mikono yake, lakini hakutaka watu wanaopita kwenda kanisani na sokoni wamwone. Akatafuta mahali pa kujificha. Penye kificho kuliko pote ni nyuma ya chumba cha mkewe.

Nilimwambia maneno. Sikumtukana, sijalelewa hivyo, lakini nilimwambia. "Mzee wangu, wewe umeona aibu, na mama anakufa kwa hiyo aibu. Anavuta hii kitu usiku kucha. Angebaki kuigeuza mwenyewe asubuhi ingekuwa afadhali."

Wapo watakaosema mzee hasemeshwi hivyo, nilipaswa nimpelekee isale, lile jani letu la kuombea msamaha. Sikupeleka. Sikuwa na kosa.

Nikamgeukia mama, aliyekuwa amesogea dirishani. "Na wewe mama, harufu hukuisikia?"

"Nilisikia."

"Mbona hukusema?"

Akakikunja kile kitambaa. "Mwanaume kashika samadi kwa ajili yangu. Nimwambie tena akaibebe watu wakimwona?"

Nikaingia ndani nikamfungia nguo zake.

Tukamlaza mama kwa jirani. Nikamwelekeza mzee: lilowanishe kwanza maji unga usiruke, funga pua na mdomo, lipeleke chini kabisa mpakani mwa shamba, mbali na nyumba. Tatizo ni kwamba kufika huko lazima ukate njia kuu ya kijiji. Nikamwambia nitakuja kuhakikisha.

Nilirudi siku ya soko, nikidhani nitakuta visingizio. Njia imejaa akina mama na ndizi zao. Nikamwona mzee anatoka getini na toroli, samadi imejaa inachuruzika, shati limelowa, kitambaa usoni. Mchana kweupe.

Watu wakapunguza mwendo. Akina mama wawili wakanong'onezana. Mzee mwenzake wa kanisa akasimama katikati ya njia, akamwita kwa heshima ya kwetu, lakini kwa sauti ya utani.

"Meku, mama yuko wapi mpaka wewe ubebe samadi?"

Mzee Anaeli akashusha toroli, akashusha kitambaa. "Yupo. Anapumua."

Akanyanyua toroli, akapita.

Nililia pale njiani wakuu, mimi na ujuaji wangu wote.

Damu ilikata tena, na safari hii haijarudi. Mama amenenepa, bado yuko kwenye utafiti, bado tunamfuatilia. Donge limepungua, halijaisha, siwadanganyi. Mzee amepunguza kupiga dawa hovyo, bwana shamba anamwelekeza lini apige na lini aache, na ameanza kupanda miche ya kahawa inayovumilia kutu.

Nilichojifunza ni hiki. Ukiwa na ndugu aliyepona TB na kikohozi kimerudi, vipimo havioni TB, msikubali dawa zilezile mwaka nenda mwaka rudi. Ulizeni habari za ukungu. Na dawa mpya ya fangasi inachukua miaka mingi kupatikana, wakati ukungu unajifunza kuishinda msimu mmoja tu nyuma ya banda. Mimi nitaendelea kuitafuta, hiyo niachieni. Lakini hakuna dawa nitakayoitengeneza maabara ikamsogezea mtu toroli.

Karibuni kwa maoni, maswali na hata kunipinga, nipo.

Ila wanaume wa milimani mliomo humu, wazee wa kanisa na wasio wazee, naomba mnijibu hili kwanza na msizunguke: siku ya soko, njia imejaa, ungeibeba?