Bakuli la Kijani

Jirani mshona nguo ndiye aliyeanzisha uvumi. Pini zikiwa mdomoni, alimwambia mama kijana kwamba yule dada wa maabara, wa chumba cha mwisho, hurudi na mionzi kwenye nguo, na mtoto anayempakata atadhoofika. Mama kijana akamvuta mwanawe karibu. Binti yake wa miezi saba alikuwa akilala mapajani mwa huyo dada kila Jumapili.

Siku mbili alijikaza, akimnyanyua mtoto kila mara aone kama amepungua. Ya tatu akaenda kugonga.

Dada wa maabara hakukasirika. Alimweleza kazi yake ya miaka kumi na moja: kukausha tone la mkojo kwenye kikaratasi, kulipiga kwa mwanga mkali wa leza mpaka lifuke, kisha ule moshi unaingia kwenye mashine inayotenganisha atomi kwa uzito wake. Hata urani, ile madini yenye mionzi, iwe chembe moja kati ya mabilioni, itaonekana. Nguo za kazini hubaki kazini, na mlangoni hupimwa mwili mzima. Poda huharibu vipimo, ndiyo maana hajipaki. Mtaa ukasema ana maringo.

"Lakini maneno yangu hayatakuondolea wasiwasi, mdogo wangu," alisema, akimpa kichupa cha plastiki. "Niletee mkojo wa mtoto."

Kesho yake asubuhi mama kijana alimpelekea mkojo; jioni dada alikuja na majibu, akakaa bila kuvua viatu. Urani ilikuwemo. Kidogo, ila ilikuwemo. Mama kijana alipomtazama dada akaona naye midomo imemkauka. Kumbe dada alikuwa anajishuku mwenyewe.

"Ulikinga kwa chombo gani?" dada aliuliza.

Mdomo wa kichupa ulikuwa mwembamba. Kwa kuwa ni kitu cha kupeleka maabara, mama kijana alikinga kwanza kwa chombo chake cha heshima: bakuli la kioo la kijani aliloachiwa na bibi yake. Dada aliligeuza dirishani, akaguna. Vioo vingine vya zamani vilitiwa urani ili vipate rangi hiyo.

Safari hii walikinga kwa kopo jipya la plastiki, wote wawili wamechuchumaa, mtoto akiwacheka.

Baada ya siku mbili dada alitokea mlangoni, mkononi ana bakuli alilokwenda nalo kulipima. "Mtoto hana kitu. Bakuli ndilo lenye urani, tena tele. Liweke kabatini, usilitumie kwa chakula."

Mama kijana alicheka huku machozi yakimtoka, akaketi palepale sakafuni. Alianza kuomba radhi. Dada akamkatiza kwa mkono.

"Radhi weka. Naomba kitu kimoja tu: nipe nimpakate. Lakini pale nje, mshona nguo akituona."