Kadi za Soda za Harusi ya Binti Yangu

Binti yangu mkubwa alipochumbiwa, aliniomba jambo moja tu. Hakuomba gauni la kukodi wala gari la kupambwa. Alisubiri mama yake atoke kwenda kukamua ng'ombe, akasema, "Baba, siku ile kusiwe na pombe. Hata kidogo."

Nikamjibu kwamba haitakuwepo. Sikumwuliza sababu, kwa kuwa niliijua. Kabla Mungu hajanihurumia nilikuwa mnywaji, na yeye, akiwa na miaka saba au minane, ndiye aliyekuwa anatumwa kunifuata kilabuni. Alikuwa anasimama mlangoni bila kuingia, ananiita kwa sauti ndogo, na wenzangu wananicheka. Nilikwisha kuacha muda mrefu alipochumbiwa, lakini mtoto hasahau mlango kama ule. Kwa hiyo niliahidi, na ahadi ile nikaichukua kama deni mbele ya Mungu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, Babati ikiwa bado ndani ya mkoa wa Arusha. Ukiingia dukani uliona rafu tupu na muuzaji amekaa juu ya kiti anasubiri jioni. Sukari ilikuja kwa foleni, sabuni ilikuwa ya kuulizia kwa kunong'ona. Harusi isiyo na pombe ilibidi iwe na soda, na soda haikuwa kitu cha kwenda kununua tu. Ulihitaji kibali. Ulihitaji chupa tupu, chupa kwa chupa. Tena wakala aliyekuwa na ghala karibu na stendi alitaka fedha zote mkononi kabla lori lake halijaondoka kwenda Arusha kuzileta.

Kaka yangu, aliyenitangulia kuzaliwa, alikuwa anakaa Nakwa. Nilipomweleza mpango wangu alicheka mpaka akashika ubavu.

"Soda? Wewe mlokole, soda utaitoa wapi? Hata wakubwa maofisini siku hizi wanakunywa maji."

"Mungu atatoa."

"Atatoa. Na wakwe watakapofika wakakaa, utawapa nini mkononi kabla hujawauliza habari za safari? Utawapa wimbo?"

Hakuwa anasema upuuzi. Sisi tuliotoka juu, milima ya Mbulu, hatumhoji mkwe akiwa na mkono mtupu. Kwanza anywe. Ndipo akaniambia wazi kwamba atapika pipa zima la pombe kwake, na soda zikipungua hata kidogo ataileta kwa mkokoteni. "Sitaaibika mbele ya wakwe kwa ajili ya wokovu wako," alisema. Yeye ndiye alikuwa mkubwa wa ukoo, na sikuwa na uwezo wa kumkatalia mbele ya watu.

Fedha za kumlipa wakala kabla sikuwa nazo. Mke wangu ndiye aliyetoa shauri la kadi. Atakayekuja harusini alipie soda yake mapema, apewe kadi, na siku yenyewe aitoe mezani achukue chupa. Kamati ya harusi ilikubali. Nilikata majalada ya madaftari ya zamani ya watoto yakawa vipande vidogo, nikaandika juu ya kila kimoja kwa kalamu ya wino, "Soda moja."

Mjumbe mmoja akauliza, "Na mtu akikata jalada lake akaandika mwenyewe?"

Nilikuwa mzee wa kanisa, na muhuri wa usharika ulikuwa unakaa nyumbani kwangu, kabatini. Niliutoa, nikagonga kadi zote. Namshukuru Mungu kwa mambo mengi niliyotenda bila kuwaza yakaenda vizuri. Hilo halimo.

Watu walizichukua upesi. Wenye fedha walileta fedha, wengine kuku, wengine maharage ambayo tuliyauza sokoni. Bibi mmoja mjane wa Maisaka alikuja kwa miguu na mayai ndani ya kikapu cha pumba. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akahesabu mayai yake polepole juu ya mkeka. Nilipompa kadi aliipokea kwa mikono miwili, akaugusa muhuri kwa kidole, akaifunga kwenye ncha ya kitambaa chake cha kichwani. Wiki ile walikuja bibi wengine wa rika lake, karibu ishirini. Nilifurahi kuona wazee wanapenda harusi ya mtoto wangu kiasi kile.

Kazi ya chupa ilikuwa kubwa kuliko ya kibali na ya fedha. Miaka ile chupa ya soda haikukaa bure nyumbani. Ilikuwa ya mafuta ya taa, ya samli, ya asali, ya dawa ya mifugo. Tuliziomba nyumba kwa nyumba, tukazisugua kwa majivu na mchanga na majani ya mlimau. Mikono ya mke wangu ilichubuka. Alhamisi ya wiki ya harusi nilizipeleka kwa wakala, kreti nane, kwa mkokoteni wa punda.

Lori lilikuwa limerudi. Wakala aliketi juu ya boksi, akawa anatoa chupa moja moja na kuinusa kama mtu anayechagua ugoro.

"Hii mafuta ya taa," alisema, akaiweka pembeni. "Hii sawa. Hii sawa. Hii mafuta ya taa. Hii… Mzee, hii mlikuwa mnawekea nini?"

"Dawa ya kupe."

"Na mimi niipeleke kiwandani? Nije nifungwe?"

"Ndugu yangu, tumeosha siku tatu."

"Naona. Ni safi kabisa. Lakini inanuka."

Hakuwa mtu mbaya. Mwisho alikataa kreti moja nzima, akanirudishia fedha yake na chupa zake, akanipa kreti saba. Harusi ilikuwa Jumamosi. Hapakuwa na chupa nyingine Babati ambazo hatukwisha kuziomba.

Mke wangu aliponiona nikishusha mzigo alizihesabu kreti kwa macho. Alikwenda stoo, akatoka na kimea cha ulezi. "Nitapika togwa," alisema. "Itakuwa tayari Jumamosi, bado tamu. Atakayekosa soda atakunywa togwa."

"Na kaka?"

"Kaka yako hakusema togwa ni mwiko."

"Amesema soda zikipungua."

"Basi tuombe zisipungue," akasema, akaanza kusafisha sufuria.

Jumamosi ibada ilikwenda vizuri. Wakwe walitoka Moshi wakafika mapema, wakakaa chini ya turubai nililoazima, na kila mmoja alikuwa na chupa yake kabla hajaulizwa habari. Baba wa bwana harusi aliitazama yake kwenye mwanga, akasema, "Kumbe Babati mnazo." Kaka yangu alikuwa amekaa karibu naye. Niliona anazihesabu kreti zilizobaki.

Watu wakapanga mstari mezani na kadi zao. Mke wangu alikuwa anapokea kadi, shangazi wa bibi harusi anafungua chupa. Baadaye mke wangu alinifuata nyuma ya nyumba, uso umemng'aa.

"Zinatosha," aliniambia. "Bwana asifiwe, zinatosha! Wale bibi hawajaja hata mmoja kuchukua. Wanakunywa togwa."

Moyo wangu ulijaa shukrani. Nilisimama pale nikasali kwa kifupi. Kisha nikafikiri niende niwashukuru wale wazee, kwa maana nilidhani wametuonea huruma. Walikuwa wamekaa pamoja kwenye mkeka, kila mmoja na kikombe cha togwa.

"Bibi, mbona hamjachukua soda zenu?" nilimwuliza yule wa Maisaka.

"Soda ni za wageni, mwanangu. Sisi togwa inatosha."

"Lakini wewe una kadi."

"Ninayo," alisema, akagusa ncha ya kitambaa chake. "Hii siitoi. Nikiitoa, siku nikifa wataniulizia nini?"

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu mtu akifa, wazee wa kanisa huuliza kwanza kadi yake ya usharika. Kama hakutoa michango, maziko yake huwa na maneno mengi. Yule bibi hakuwa ametoa michango tangu mumewe afariki, na kusoma alikuwa hajui. Alisikia kwamba mzee wa kanisa anagawa kadi zenye muhuri, na kwamba hata mayai yanapokelewa. Alikuwa ameleta mayai yake anunue maziko yake. Wengine walimfuata yeye.

Nasema kweli, nilijaribiwa. Kreti zilizobaki zilikuwa mbele ya macho yangu. Nikinyamaza, soda zinatosha, kaka anakosa sababu, na ahadi yangu kwa binti yangu inasimama. Wale bibi wangerudi nyumbani na furaha. Lakini ningekuwa nimewaacha waende na karatasi yenye muhuri wa kanisa isiyo na kitu ndani yake, na niliyeugonga muhuri ule ni mimi.

Nilichuchumaa. "Bibi, nisamehe. Kadi hii haihusu maziko. Ni ya soda tu. Kosa ni langu, sikupaswa kuitia muhuri."

Mmoja akamgeukia yule wa Maisaka. "Si nilikwambia ni rahisi mno? Kuzikwa kwa mayai kumi!"

"Wewe ulisema? Wewe uliyeleta mayai manane?"

Wakacheka, lakini yule bibi wa Maisaka hakucheka. Alifungua ncha ya kitambaa taratibu, akaitazama kadi.

"Kwa hiyo sina kadi," alisema.

"Jumatatu nitakuja kwako, twende wote kwa mchungaji. Hilo ni neno langu, na safari hii halina muhuri."

Aliniangalia usoni mpaka nikainamisha macho. Kisha akanipa kadi. "Basi niletee ile nyeusi. Mayai yangu yasipotee mara mbili."

Niliwapelekea mwenyewe, wote. Bibi alikunywa funda moja, gesi ikampanda puani, akafumba macho. "Inachoma kama mtu amenikaripia," alisema, na hapo ndipo akacheka na yeye.

Kreti zikaisha. Mimi, mke wangu na wanakamati tulikuwa tumekwisha kurudisha kadi zetu, na vijana kadhaa walikubali togwa bila maneno. Wa mwisho alikuwa kaka yangu. Aliwahudumia wakwe kwanza kama ilivyompasa, na sasa alisimama mbele ya meza na kadi mbili, yake na ya mkewe.

"Zimeisha, kaka," nilimwambia.

"Zimeisha? Si sasa hivi shemeji anasema zinatosha?"

Nilimweleza habari yote. Alisikiliza akigeuza zile kadi mkononi.

"Ungenyamaza tu," alisema.

"Ningeweza."

"Unajua vijana wapo kwangu na mkokoteni? Wanasubiri neno langu."

"Najua."

"Halafu unakwenda kuwaamsha bibi waje kumaliza soda." Alitikisa kichwa. "Wewe ulipokuwa unakunywa ulikuwa mjanja kidogo."

Sikumwomba. Labda ningemwomba angekataa, sijui. Alitazama turubai, walipokaa wakwe, kisha meza ya maharusi. Binti yangu alikuwa ameacha kula, anatutazama sisi wawili. Kaka alivuta pumzi, akaziweka kadi zake mezani kama vile amepewa soda, akachukua kibuyu cha togwa, akakinusa kwa dhihaka.

"Hii imekaa siku ngapi?"

"Tangu Alhamisi," alijibu mke wangu.

"Kesho itakuwa pombe, shemeji. Mungu wenu anawaponyesha kwa saa chache tu."

Alikwenda nacho mpaka chini ya turubai, akasimama mbele ya wakwe. "Wakwe zangu, soda zetu zimekwisha, na hatuwafichi. Hii ni togwa ya shemeji yangu. Mimi mkubwa wa hapa ndiyo ninayokunywa." Akanywa mbele yao. Baba wa bwana harusi akanyoosha mkono akaomba na yeye aonje, na alipomaliza akaomba tena.

Jumatatu nilikwenda Maisaka kama nilivyosema. Mchungaji alimsikiliza bibi, akamwandika upya katika daftari la usharika bila kumdai ya nyuma, kisha akanionya mimi, kwa upole lakini mbele ya bibi, jambo lililonistahili.

Pipa la kaka lilifunguliwa Jumapili alasiri, nyumbani kwake, bibi harusi akiwa amekwisha kusafiri. Nyimbo zilisikika mpaka kwetu. Mke wangu alitoka mlangoni akasikiliza, akaniuliza kama zinaniumiza. Nikamwambia haziniumizi. Kaka hakuwa ameweka ahadi yoyote kwa mtoto wangu. Ahadi ilikuwa yangu, na yeye alinisaidia kuitimiza kwa kungoja siku moja tu. Nimemshukuru Mungu kwa siku ile moja mara nyingi kuliko kwa miaka mizima niliyopewa baadaye.