Anlaue alikuwa mwigizaji, andikeni hivyo

Jana nimemtilia udongo kwa mikono yangu miwili, na bado akili inakataa. Anlaue hayupo. Malaria, siku nne, basi.

Ndugu zangu mnaonifuata hapa, nina huzuni na nina hasira, mtanisamehe. Tangu jana nimesoma kurasa tisa zilizotangaza msiba. Zote tisa zimeandika "mtunisha misuli wa Palma". Zote picha ile ile ya chupi na mafuta. Neno mwigizaji limo kwenye moja tu, tena mwishoni.

Misuli ile nimeitengeneza mimi, kwa hiyo nina haki ya kusema: mmeandika nusu ya mtu.

Alikuja kwangu ana kilo 58. Ginásio yangu ya kunyanyulia vyuma, hapa Palma, Msumbiji, wakati huo ilikuwa ua wa makuti, ekseli mbili za lori, na makopo ya rangi niliyoyajaza saruji. Hakuna aliyenisaidia mimi, na hakuna aliyemsaidia yeye. Miaka tisa baadaye alikuwa na kilo 106, mashati ya dukani hayampiti.

Misuli ikamvusha mto Ruvuma, ikamfikisha Dar es Salaam kwenye filamu. Filamu kumi na nne. Zote alikuwa mlinzi wa tajiri au jambazi, na kumi na moja kati ya hizo kafa kabla hazijafika katikati.

Nilizitazama zote nikahesabu alichosema. Maneno thelathini na moja. "Sawa bosi" mara kumi na mbili, hayo peke yake ni ishirini na nne.

Tulikuwa tukilicheka jambo hilo. Siku moja hakucheka. Alikuja asubuhi, akakaa kwenye benchi, hakugusa chuma.

"Mestre, mwalimu wangu, nataka unikondeshe."

"Unaumwa?"

"Nimepata nafasi kwenye tamthilia, wanaipigia picha Pemba, hii yetu ya Msumbiji. Mtu aliyekimbia vita, karudi kwao. Nina maneno, Mestre. Kurasa na kurasa."

"Si ucheze hivyo hivyo ulivyo."

"Mtu kalala porini siku tisa kwa mihogo mibichi, atoke na kifua hiki? Watu wa hapa watanicheka, na watakuwa na haki."

Nilikataa. Picha yake ilikuwa imechorwa mlangoni kwangu, urefu wa mita mbili, na watu walijiunga kwa sababu yake. Nikamwambia unanibomolea duka.

"Wewe una watu arobaini humu," akasema. "Mimi nina maneno thelathini na moja."

Nikaenda kuchukua mizani.

Kilo 32 kwa miezi mitano, kilo moja na nusu kila wiki. Kila Ijumaa anapanda mizani, mimi naandika.

Mama yake, Bi Zainabo, alielezwa na hakukubali. "Hakuna kazi duniani ya kukonda," alisema. Majirani wakaamua ni maradhi, wengine wakasema kuna mkono wa mtu. Wakakusanyika kumsomea dua. Anlaue akakaa katikati, akaitikia amina kwa adabu zote. Ukaja wali wa nazi na samaki wa kupaka. Akala matonge matatu, akanawa. Mama mtu akalia palepale.

Kesho yake akanifuata. "We mwalimu wa vyuma, mwanangu umemfanyaje?" Vijana wakapata la kusema: hapa unaingia ng'ombe unatoka mbuzi. Wanachama kumi na moja walihama mwezi ule. Mmoja ni mpwa wangu wa damu.

Halafu tamthilia ikatoka. Tuliitazama hapa hapa, televisheni juu ya benchi, ua umejaa, Bi Zainabo kwenye kiti cha mbele.

Walioiona wanakumbuka. Anafika kwake, nyumba haina paa wala mlango. Anasimama nje, anapiga hodi. Kwake mwenyewe. Kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu. Na sote tumefunzwa, hodi tatu zisipojibiwa mtu anageuka aende zake. Akageuka. Hatua nne. Kisha akarudi, akaingia, akajijibu mwenyewe kutoka ndani: "Karibu."

Hilo halikuandikwa popote. Muongozaji alitaka aanguke alie. Anlaue alimwambia, kwetu hatufanyi hivyo, nipe dakika moja nikuonyeshe.

Baada ya hapo akaongea. Nilijaribu kuhesabu maneno, nikapotea kwenye dakika ya tatu. Mimi, kupotea kwenye hesabu.

Bi Zainabo akageuka, akamtafuta mwanawe aliyekuwa kasimama nyuma kabisa na kilo zake 74.

"Kumbe ulikuwa kazini," akasema. "Njoo ukae hapa."

Wale wanachama kumi na moja waliohama, saba walirudi. Wanne sikuwataka.

Leo asubuhi kaja mama mmoja kuhani, katoka kijiji cha Nhica do Rovuma, kapanda gari mbili. Hapa hamjui mtu. Akaniambia, "Nimekuja kwa ajili ya yule aliyepiga hodi kwake. Mume wangu naye alirudi hivyo, akasimama nje, haingii. Nilimgombeza. Sikuelewa mpaka nilipomwona huyu."

Nikataka ajue ukubwa wa mtu aliyekuja kumlilia. Nikamwambia marehemu aliwahi kuinua kilo mia na themanini.

Akanitazama. "Za nini?"

Anlaue, ndugu yangu, umewashinda wote, na mimi umenishinda. Mama wa watu kasafiri kuja kukulilia na hata hajui kwamba ulikuwa na misuli. Ulichokitaka umekipata, mzima, hakuna cha kupunguza.

Mungu akupanulie kaburi lako. Lala kwa raha, mwigizaji.