Karatasi Safi ya Baa ya Japani

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu ambayo hata nikisahau jina langu sitaisahau. Ni siku niliyovutana chupa ya bia na muzee wa Japani, hapa hapa Keshero, mtaa wetu wa Goma, mbele za watu. Usicheke kwanza. Vuta kiti, nimiminie ile chai ya tangawizi, maana bibi yako haanzi habari na koo kavu.

Miaka ile nchi yetu iliitwa Zaïre. Majina ya ubatizo yalikuwa yamewekwa kando, kila mwanaume aliitwa citoyen, yaani mwananchi, na mimi niliyebatizwa Mariya nikabaki Furaha peke yake. Nilikuwa nimeshuka kutoka milima ya Masisi, kwenye ng'ombe wa baba, nikaja mjini kukaa kwa shangazi yangu, kule mtaa wa Birere. Baba alinipa ruhusa mpaka Noeli. "Ukipata kazi, utabaki," aliniambia. "Usipopata, rudi, maziwa yanakungoja." Hakusema kwa ukali, baba yangu hakuwa mtu wa ukali. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuupenda mji huu: mawe yake meusi, kelele za wachuuzi, muziki unaotoka kila dirisha, ziwa lile pale chini. Maziwa niliyanywa tangu nizaliwe. Nilitaka Goma.

Na kazi ilikuwepo, moja. Mama Zawadi alikuwa na nyumba ya wageni karibu na ziwa, na wageni wake wakubwa walikuwa Wajapani waliokuja kupima volkano. Watu wa adabu sana, lakini Kifaransa chetu hawakukijua hata kidogo. Walijua Kiingereza, nacho cha kuombaomba. Mama Zawadi akatangaza kwamba anatafuta msichana wa kuwapokea na kuwahudumia, ajue Kiingereza. Loo! Goma ya siku zile Kiingereza ulikitafuta kwa tochi. Ndipo nikaenda kwa Ticha Barame.

Ticha Barame alikuwa muzee mwembamba, kofia haimtoki kichwani, aliyejifunza Kiingereza Bunagana, mpakani na Uganda, akiwatafsiria wafanyabiashara na watu wa forodha. Huko Uganda ndiko alikookota hilo jina la Ticha. Alitufundisha jioni, watu wakitoka kazini, kwenye salle, ukumbi wa parokia. Na alikuwa na namna yake ya kusahihisha ambayo sijaiona tena popote. Ukiandika sentensi, anaisoma kwa sauti, halafu unasimama unaifanya kwa mwili. Ukiandika kwamba unafungua mlango, nenda kaufungue. Ukiandika kwamba unamsalimu mama mkwe, hapo darasani atapatikana mama mkwe. Akishaona unachotaka kusema, ndipo anachukua bic, kalamu yake nyekundu.

Siku moja alituletea mgeni, kijana Mjapani aliyeitwa Mori, mmoja wa wale wa volkano. Mori akatueleza vibaa vya pombe vya kwao. Akasema ni vidogo, mlangoni kunaning'inia taa ya karatasi nyekundu na pazia fupi la kitambaa. Ukikaa unapewa taulo la moto la kupanguza mikono. Wanachoma kuku kwenye vijiti juu ya makala, makaa ya moto, sawasawa na broshete zetu, ile mishikaki ya Birere, na samaki wadogo wanakaangwa kama sambaza za ziwa letu. Tulifurahi sana. Kumbe watu wa mbali vile nao wanakula sambaza! Ticha akatuambia: "Kila mutu aniandikie amekwenda kwenye baa ya Japani. Ukurasa moja. Munaona nini, munafanya nini, munakunywa na nani."

Hapa nikuambie jambo. Mimi shuleni kule Masisi niliwahi kukosea Kifaransa mbele ya darasa zima, wakanicheka mpaka mwisho wa mwaka. Tangu hapo niliapa, hakuna atakayenicheka tena. Kwa hiyo karatasi yangu niliiandika kwa sentensi fupi fupi nilizokuwa na hakika nazo. Naenda baa. Nakaa. Nakunywa bia. Bia ni nzuri. Narudi nyumbani. Basi. Nikaikunja, moyo mweupe.

Wa kwanza kusomewa alikuwa Kambale, fundi wa baiskeli wa Birere. Ndiyo, huyo huyo unayemwita babu, usinikatize. Kiingereza chake, mwanangu, nikikugeuzia kwa Kiswahili kilikuwa hivi: "Mimi kufika baa Japani. Mlango mufupi, kichwa yangu kusalimia ukuta. Mimi kulia kidogo. Taulo moto, mimi kupanguza mikono, uso, na miguu, baa yote kushangaa. Chupa hapa ni ya jirani. Mkono yangu kwa glasi yako, mkono yako kwa glasi yangu. Mutu kujimiminia yeye peke, huyo hana rafiki."

Darasa likaanguka kwa kicheko. Kambale naye akacheka kuliko wote. Ticha akamwambia, "Simama, fanya." Akasimama akajigonga kichwa, akajipanguza miguu, akammiminia jirani yake maji akisubiri naye amiminiwe. Halafu bic nyekundu ikashuka. Karatasi yake ilirudi nyekundu kama mtu aliyechinja kuku, na Ticha alikuwa amefurahi kama aliyemla. Mimi nilicheka pamoja na wengine, lakini kichwani nilikuwa najisemea, maskini, huyu kazi ya Kiingereza hataipata.

Ikafika zamu yangu. Ticha akasoma. Nikasimama, nikaenda, nikakaa, nikanywa, nikarudi. Hakuna aliyecheka. Ticha aliigeuza karatasi, akatazama nyuma, akarudi mbele, kisha akaweka bic mfukoni.

"Furaha, karatasi hii haina kosa hata moja," akasema. Nikaanza kutabasamu. "Haina na mutu. Nimemutafuta, simuoni. Nani amekwenda baa hapa? Kiti?"

Nikajitetea. Nilikuwa na mdomo hata siku zile. Nikamwambia, "Ticha, wazee wanasema mwenda pole hajikwai."

"Ni kweli," akajibu. "Na asiyetoka nyumbani naye hajikwai. Wazee walisema tena, mficha uchi hazai. Weye unanificha makosa yako, nitakufundisha nini? Chukua karatasi yako, binti. Siwezi kusahihisha mutu ambaye hajafika."

Akanirudishia, nyeupe vile vile. Nilitembea mpaka kwa shangazi nimenuna, sikuonja hata maharagwe. Niliona amenionea. Wenzangu wote wana makosa, mimi sina, na mimi ndiye ninayegombezwa! Hivyo ndivyo ujana ulivyo, unataka kusifiwa hata kwa kukaa kitako.

Wiki hiyo hiyo Mama Zawadi, niliyekuwa nimekwisha kumwomba ile kazi, akaniita. Mkubwa wa akina Mori alikuwa amefika kutoka kwao, profesa, muzee wa nywele nyeupe. Mama Zawadi akanikagua kitambaa cha kichwa, akanikagua viatu, akasema, "Mwana wangu, jumamosi utamupokea yule muzee. Akicheka, kazi ni yako. Akinuna, mimi nitafanya nini? Nitakupatia ndizi za njiani, urudi kwa baba."

Jumamosi ikaja. Meza tuliiweka barazani, ziwa linang'aa, sambaza zimekaangwa, broshete ziko juu ya makala, na pilipili pembeni. Mori alimkalisha muzee wake, akamnong'oneza neno, kisha akashuka kwenda garini kuchukua mizigo. Nikabaki mimi na profesa. Alikuwa na uso wa mtu anayehesabu mawe. Nikasema sentensi zangu safi. Habari ya mchana. Karibu. Hii ni bia. Akainamisha kichwa, basi. Nikasema tena, hii ni bia. Akaitazama ile bia. Mwanangu, sentensi zilikuwa zimekwisha.

Nikaona nifanye kazi kama nilivyolelewa. Kwetu milimani, na wewe unajua, mwenye nyumba ndiye anayeonja mbele. Hata baba akileta mtungi wa kasiksi, ile pombe ya ndizi, anavuta mrija yeye kwanza, wageni wanamtazama, wanaona yuko mzima, ndipo nao wanainama. Ni heshima, ni kusema katika nyumba hii hakuna sumu wala hila. Basi nikafungua chupa mbele ya macho yake, nikajimiminia kidogo kwenye glasi yangu, nikanyanyua ninywe.

Profesa alishtuka. Aliruka kitini akaikamata ile chupa!

Na mimi nikashtuka. Kwetu, mgeni akikunyang'anya chombo mkononi anakuambia huna adabu, nyumba yako haina watu. Nikaivuta chupa. Naye akaivuta, kwa adabu, anainama huku anavuta. Nami nikapiga goti huku navuta. Akainama zaidi. Povu likapanda, likatumwagikia mikono, likashuka kwenye kitambaa cheupe cha Mama Zawadi. Nikatupa jicho nikamwona Mama Zawadi mlangoni mwa jikoni, mikono kichwani. Nikaona na ng'ombe wa baba, wote, wamejipanga wananingoja. Machozi yalikuwa karibu.

Ndipo nikamsikia Kambale kichwani. Mutu kujimiminia yeye peke, huyo hana rafiki. Ee Mungu wangu! Kumbe muzee wa watu ameniona najimiminia mwenyewe, akaona aibu kwa ajili yangu! Anataka kunimiminia yeye! Yote hayo yalisemwa darasani, na mimi nilikuwa nimekaa nasifu karatasi yangu.

Nitamwelezaje? Sentensi safi ya jambo hilo sikuwa nayo. Niliyokuwa nayo ilikuwa ya Kambale, mbovu toka mwanzo hadi mwisho. Nikafumba macho, nikaitupa hivyo hivyo: "Japani, chupa ya jirani! Mkono yako kwa glasi yangu, mkono yangu kwa glasi yako! Mimi kujua!"

Profesa akaacha kuvuta. Akanitazama kama ndiyo kwanza naingia. Nikaona mlango umefunguka, nikapita, makosa na vyote: "Lakini hapa Zaïre, mimi kunywa mbele. Wewe kutazama. Mimi kufa, wewe kukimbia!"

Mori alikuwa amesimama kwenye ngazi na sanduku mkononi. Kisha yule muzee akaanza kutikisika mabega, mwanangu, akatikisika, akatoa kicheko ambacho sikudhani kinaweza kukaa ndani ya mtu mkavu vile. Akacheka mpaka akavua miwani. Akachukua chupa, na safari hii nikamwachia, akanijazia glasi. Mimi nikamjazia yake. Halafu akasema kwa Kiingereza chake, na nakuapia kilikuwa kibovu kuliko changu: "Leo, muzee kunywa mbele. Muzee kufa, wewe kukimbia!" Akaimaliza yote, akasimama, akajipapasa kifua na tumbo, akatangaza, "Muzee hai!"

Mama Zawadi alikuwa amekaa sakafuni jikoni kwa kicheko. Mchana ule broshete ziliisha, makala yakaongezwa, profesa akatuimbia wimbo wa kwao na sisi tukampigia makofi yasiyolingana na wimbo. Mgeni njoo mwenyeji apone, wazee hawakukosea. Kabla hawajaondoka mezani Mama Zawadi alinifunga aproni yake mwenyewe kiunoni. Nilifanya kazi kwake miaka mingi, na baba aliposikia aliniteremshia maziwa huku huku.

Siku ya darasa nikaandika karatasi nyingine. Nikaweka yote: chupa, povu, goti, ng'ombe, na lile neno la mimi kufa wewe kukimbia. Ticha akasoma, darasa likalia kwa kucheka, Kambale akajitolea kuwa profesa tukavutana chupa ya maji pale mbele. Walinicheka, mwanangu, na sikufa. Nilicheka nao, na kilikuwa kitu kitamu. Kisha Ticha Barame akatoa bic. Alisahihisha mstari kwa mstari, hakuharakisha, mpaka karatasi ikawa nyekundu kuliko ile ya Kambale. Akanipa kwa mikono miwili.

"Leo mutu amefika," akasema. "Karibu, Furaha."

Sasa nisikilize wewe, uliyekuja kuniambia kwamba kazini unakaa kimya kwenye mikutano usije ukakosea, na kwamba wakubwa wanakusifu kwa utulivu. Utulivu gani, mwanangu? Kiti nacho kimetulia. Sikuambii useme ovyo, wala usidharau kusahihishwa. Mimi Kiingereza changu kilinyooka kwa ile bic nyekundu, si kwa kicheko. Nakuambia ufike kwanza. Sema ulicho nacho, kwa mdomo ulio nao, na anayejua atakunyoosha. Na yule unayemwona anakosea kila siku mbele za watu, msikilize vizuri, huenda ndilo neno lake litakalokuokoa siku moja barazani. Mimi lake liliniokoa, na nikaona nisimwache aende mbali.

Haya, lete kichwa chako hapa nikushike. Mungu akupe mdomo usioona haya. Akupe mwalimu mwenye bic nyekundu na moyo mweupe, na jirani wa kukujazia glasi kabla haijakauka. Na popote utakapoketi, hapa au huko kwa akina Mori, watu wakutazame waseme, ndiyo, huyu amefika. Amina. Sasa nenda kamwite babu yako, mwambie chai iko, ila asijimiminie.